Arthur akifa, nani analipwa?

Gemu ya Ghosts 'n Goblins ilitimiza miaka 40 mwaka 2025, na haijawahi kupatikana kirahisi kama sasa. Imo kwenye mkusanyo wa Capcom Arcade Stadium uliotoka mwaka 2021, na toleo lake la kaseti, la kuchezea nyumbani, limo kwenye huduma ya kulipia ya konsoli ya Nintendo Switch tangu 2018. Kote huko kuna kitufe ambacho mashine ya sarafu ya mwaka 1985, ile ya kwenye kumbi za michezo, haikuwa nacho: cha kurudisha nyuma. Ukifa unakishika, mchezo unarudi kinyumenyume mpaka sekunde chache kabla hujakosea, unakiachia, unaendelea. Na kila gemu hii inapotolewa upya, mabishano ni yale yale. Wakongwe wanasema huko ni kudanganya, kwamba gemu za zamani zilikuwa ngumu kwa sababu wachezaji wa zamani walikuwa wagumu. Vijana wanajibu kuwa ugumu ule ulikuwa wizi wa sarafu, hauna cha kuenziwa.

Naona pande zote mbili zinagombea maiti. Ugumu wa Ghosts 'n Goblins, ule wa kwenye mashine, ulikuwa bei. Ulipangwa kama nauli inavyopangwa, na mwenye uwezo wa kuupandisha au kuushusha alikuwa mwenye mashine, wala si mchezaji. Bei hiyo ilikufa siku gemu ilipoingia sebuleni, miongo kadhaa kabla ya hicho kitufe kinacholaumiwa leo. Kinachostahili kubishaniwa ni kile kilichobaki baada ya bei kuondoka. Nacho ni kidogo kuliko wakongwe wanavyodai, lakini ni kikubwa kuliko vijana wanavyotaka kukubali.

Kwa ambaye hajaiona: ilitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Osaka chini ya Tokuro Fujiwara, mtu aliyetokea kampuni ya Konami na ambaye miaka ya baadaye angekuwa mtayarishaji wa gemu ya kutisha ya Resident Evil. Japani inaitwa Makaimura, yaani kijiji cha ulimwengu wa mashetani. Inaanzia makaburini, usiku. Shujaa Arthur amekaa na binti mfalme akiwa amevaa bukta tu, na kwa nini mtu amlete binti mfalme makaburini halafu avue nguo, hakuna anayetueleza. Shetani anatokea, anambeba binti. Arthur anavaa deraya lake la chuma, safari inaanza. Misukule inachomoka ardhini mbele yake, nyuma yake, na mara nyingine pale pale anapokanyaga. Akiguswa mara moja, deraya linapasuka vipande na anabaki na bukta ile ile. Akiguswa mara ya pili anakuwa rundo la mifupa. Makosa mawili, basi. Tena kila steji ina saa inayohesabu kurudi sifuri, kwa hiyo hata kusimama ukafikiri kuna gharama yake.

Halafu kuna vitimbi. Baadhi ya adui wamebeba mitungi. Ukiwaua mtungi unaacha silaha mpya, na silaha mpya si lazima iwe bora. Ule mwenge wa moto ndio unaochukiwa kuliko zote: unaruka kwa kupinda, unaanguka karibu, unawaka chini muda mrefu huku adui wa mbali anakutazama tu. Ukiukanyaga kwa bahati mbaya umeshauchukua, na mkuki wako umekwenda. Mtungi mwingine una mchawi anayekugeuza chura. Kabla hujamaliza makaburi unamkuta jini jekundu lenye mabawa, ambalo Wajapani waliliita Red Arremer. Limekaa chini limetulia kama mlinzi wa geti. Ukilisogelea linapaa, linakwepa mikuki yako, linashuka kwa kupinda hadi usawa wa kifua. Lilipata sifa mpaka Capcom wakalitengenezea gemu yake lenyewe, Gargoyle's Quest, mwaka 1990. Na ukivuka hayo yote, ukafika mwisho, ukamshinda mkubwa wao, maandishi yanatokea kwa Kiingereza kilichokosewa tahajia kukwambia kwamba chumba ulichomo ni kiini macho, mtego wa Shetani. Unarudishwa makaburini. Unaanza steji zote upya, na safari hii mambo ni magumu zaidi. Ukimaliza mara ya pili ndipo unampata binti.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe, maana hapo ndipo mabishano haya yanapopotea njia. Kabati la gemu la miaka ile lilikuwa na tundu la sarafu: yeni 100 kule Japani, senti 25 kule Marekani. Ndani, kwenye bodi, kulikuwa na safu ya swichi ndogo sana, za kusukumwa kwa ncha ya kalamu. Mwenye ukumbi alifungua mlango wa kabati kwa ufunguo wake na kuchagua: sarafu ngapi kwa mchezo mmoja, mchezaji apewe roho ngapi (yaani afe mara ngapi kabla mchezo haujaisha), nyongeza ya roho ije kwa pointi ngapi, na adui wawe wakali kiasi gani. Kwa maneno mengine, hakukuwa na Ghosts 'n Goblins moja. Ya ukumbi huu na ya ukumbi wa pili zilikuwa na picha zile zile na muziki ule ule lakini ugumu tofauti, kutegemea kodi ya pango, wingi wa wateja na tamaa ya mwenye mali. Mkongwe anayesema leo kwamba "aliimaliza kama ilivyokusudiwa" hajui swichi za ukumbi wake zilikaaje, na hakuwa na namna ya kujua. Mlango wa kabati ulikuwa umefungwa.

Hesabu ya mwenye mashine haikuwa ngumu. Kabati linachukua nafasi, linakula umeme, na sarafu moja inaingia pale tu mchezaji mmoja anapotoka. Mchezaji hodari anayekaa nusu saa kwa sarafu moja ni hasara iliyovaa viatu. Kwa hiyo gemu ilipaswa kuua mapema. Lakini ikiua mapema mno, au kwa namna inayomfanya mtu ahisi ameonewa, hatumbukizi sarafu ya pili, anahamia kabati la jirani. Kazi ya Fujiwara na wenzake ilikuwa kupita kwenye uwazi huo mwembamba: umuue mtu ndani ya dakika chache, na rundo lile la mifupa linapotulia awe anajilaumu mwenyewe.

Huku kwetu wengi tuliijua kwa njia nyingine kabisa. Mimi niliikuta kwenye kibanda cha gemu mtaani, kwenye konsoli ya kuiga Famicom ya Nintendo, kaseti unaipuliza vumbi kwanza ndipo unaichomeka. Tulilipa kwa nusu saa. Mwenye kibanda aliweka saa ya mezani juu ya televisheni, na dakika zako zikiisha unapokonywa padi hata kama umebakiza hatua moja. Tazama mabadiliko hayo yanavyogeuza kila kitu. Anayelipwa kwa muda hana haja na kifo chako. Ufe mara mia au usife, pesa yake ni ile ile. Hasara ya ugumu inahamia kwa mchezaji peke yake, naye analipiza kwa kuchagua kaseti nyingine. Kwenye kibanda kile lebo ya kaseti ya Contra, gemu ya kupiga risasi, ilikuwa imechubuka mpaka haisomeki, kwa sababu Contra mnacheza wawili, na ukijua kubonyeza vile vitufe kwa mpangilio wake inakupa roho 30. Ghosts 'n Goblins ilikaa kwenye boksi, safi kama mpya. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeiona steji ya tatu kwa macho yake. Steji ya nne tulisimuliana tu, na nadhani aliyeanzisha masimulizi hayo aliyatunga.

Ndiyo maana hoja ya wakongwe kuhusu uhodari inanichekesha kidogo. Wanachosema kina chembe ya kweli: mafanikio bila uwezekano wa kushindwa hayana ladha, na anayerudisha nyuma kila anapokosea ameona picha za gemu bila kuicheza. Nakubali. Lakini wanapoongeza kwamba kizazi cha sasa ni laini, ushahidi unawakataa mchana kweupe. Elden Ring ya mwaka 2022, gemu isiyomhurumia mtu, iliuza nakala zaidi ya milioni 20 kabla haijatimiza mwaka. Walionunua wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati Arthur anavua deraya mara ya kwanza. Kijana wa leo anautafuta ugumu na anaulipia kwa hiari. Anachokataa ni kulipia kila kifo, na hata sisi tungekataa kama tungekuwa na la kuchagua. Kwenye kibanda tulikuwa nalo, tukaichagua Contra.

Na hao wakongwe wenyewe wengi wao leo wanacheza kwenye kompyuta, kwa MAME, ile programu ya kuigiza mashine za zamani iliyoanzishwa mwaka 1997. Ndani ya MAME sarafu ni namba 5 kwenye kibodi. Unaibonyeza, mashine inaamini umetumbukiza senti zako. Unaweza kuibonyeza mara tisa mfululizo huku unakunywa chai. Mtu anayefanya hivyo halafu akamwita mwenzake mdanganyifu kwa sababu ya kitufe cha kurudisha nyuma amesahau kwamba yeye ndiye aliyeanza kuiba, tena aliiba kile hasa kilichoipa gemu makali yake.

Upande wa vijana una hoja ya nguvu zaidi, ndiyo maana inapoishia pabaya inaudhi zaidi. Wanasema: mmekiri wenyewe kwamba ugumu ulikuwa mbinu ya biashara, basi biashara ikifa ugumu nao uzikwe. Ni mkato unaovutia, ila unachanganya sababu ya kitu kuzaliwa na thamani yake. Mashairi mangapi ya Kiswahili yalitungwa kwa sababu kulikuwa na harusi na mwenye harusi alilipa? Tena kuna mashine nyingine za sarafu ambazo mtaa unazijua vizuri, zile za kamari za dubwi. Nazo zina tundu, nazo zinameza. Simama kando ya mtu anayecheza dubwi mwezi mzima na hutaona akiwa bora hata kwa unywele, kwa sababu hakuna cha kujifunza mle ndani. Simama kando ya mtu anayecheza Ghosts 'n Goblins siku tatu tu: siku ya kwanza anafia kwenye misukule, siku ya pili anafia kwa jini, siku ya tatu anajua kwamba jini ukilikimbilia limeshakumaliza, kwamba unapaswa kulichokoza kwa mkuki kutoka mbali, lipae, kisha uhesabu mshuko wake. Zote mbili zilitaka sarafu yake. Moja ilimpa kitu mkononi.

Kuna ushahidi mwingine ambao hoja ya wizi haiuwezi. Kama ugumu ulikuwa wa sarafu tu, toleo la kaseti la mwaka 1986 lingepaswa kulegea, maana sebuleni hakuna tundu. Halikulegea. Kwa kiasi fulani ni uzembe: kampuni iliyopewa kazi ya kulihamisha, Micronics, ilitoa kitu kinachokwamakwama, na kukwamakwama kunaua. Kwa kiasi fulani ni umaskini wa nafasi, maana kaseti nzima ilikuwa kilobaiti 128, na picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi. Gemu yenye steji chache hivyo ingemalizwa jioni moja kama isingekuwa na meno. Lakini mwaka 2021 Fujiwara alirudi kuongoza Ghosts 'n Goblins Resurrection, akiwa na nafasi ya kutosha, teknolojia ya kutosha na mnunuzi aliyelipa mara moja tu, na bado akaifanya ngumu. Aliweka ngazi nne za ugumu. Kwenye ile ya chini kabisa Arthur akifa anainuka pale pale alipoangukia. Kwa maneno mengine mtu yule yule aliyetuzika makaburini mwaka 1985 alitukabidhi swichi za kabati, tena mchana, na akaacha ngazi za juu kwa anayezitaka.

Kwa hiyo kimebaki nini baada ya bei kuondoka? Kwangu mimi, kimebaki kitu kimoja kidogo ambacho ukikigusa gemu nzima inabomoka: mruko. Arthur akisharuka huwezi kumgeuza hewani. Ulivyoruka ndivyo utakavyotua, kwa umbali ule ule, hata kama katikati ya safari msukule umechomoka pale utakapotua. Gemu nyingi za baadaye, na hata Super Mario Bros. ya mwaka huo huo wa 1985, zinakuruhusu kujirekebisha ukiwa juu. Arthur hapana. Kila mruko wake ni neno lililoshatoka mdomoni. Kutokana na hilo mchezaji mzuri wa gemu hii haruki sana. Anatembea, anasimama, anarudi hatua moja, anasubiri, na akiruka anakuwa ameshajua jibu. Hapo pana gemu ya kufikiri iliyojificha ndani ya gemu ya vidole, na haidai sarafu hata moja kuwepo.

Na hapo ndipo nalaumu kitufe cha kurudisha nyuma, kwa sababu tofauti na ya wakongwe. Kinaupa mruko kile ulichonyimwa kwa makusudi. Ukiweza kuufuta mruko, huna haja ya kuufikiria. Unaruka ovyo, unafuta, unaruka tena, na baada ya saa moja umefika mbali bila kujifunza lolote kuhusu kutembea. Kuhifadhi mchezo mwanzoni mwa steji ni jambo jingine kabisa. Kunaondoa adhabu ya kurudia yale uliyokwisha kuyaweza, ambayo ilikuwa bei tupu, na kunauacha mruko kama ulivyo. Mimi huhifadhi kila steji bila aibu, na kitufe cha kurudisha nyuma sikigusi. Nimekufa kwa jini jekundu mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika hapa, na bado naona hesabu yangu iko sawa.

Wapo watengenezaji walioliona hili bila kelele. Kampuni ya Hamster, inayotoa upya gemu za mashine za makampuni mengine kwa jina la Arcade Archives tangu 2014, inakuruhusu kuchezea mipangilio utakavyo kwenye hali ya kawaida, lakini ukitaka jina lako liingie kwenye orodha ya alama ya dunia unachezeshwa kwa mipangilio ya kiwandani, bila kuhifadhi. Ipo na hali ya dakika tano tu, kila mtu na dakika zake. Wameirudisha bei kwa sarafu nyingine: badala ya pesa, ni nafasi. Capcom nao wangeweza kwenda hatua moja zaidi na kutuonyesha zile swichi kama swichi, na maelezo ya nani alizigeuza na kwa nini, badala ya kuzificha kwenye orodha ya machaguo kana kwamba ni mambo ya mwangaza wa skrini. Anayeisoma gemu hii bila kujua swichi anasoma mkataba bila ukurasa wa malipo.

Ukurasa huo tunauhitaji leo kuliko mwaka 1985, kwa sababu tundu la sarafu limerudi na tunalibeba mfukoni. Gemu ya simu ya Candy Crush ilipotoka mwaka 2012 ilikupa roho tano, na ikitoweka moja unasubiri nusu saa ijazwe, au unalipa. Free Fire, ambayo watoto wa mitaa yetu wanaijua kuliko majina ya mawaziri, inauza almasi, yaani fedha ya ndani ya gemu. Kuna tofauti kubwa ambayo wanaoziita gemu za zamani wizi hawaitazami. Mashine ya 1985 iliuza kitu kimoja tu, yaani jaribio jingine, na kwa bei moja kwa tajiri na maskini. Haikuuza deraya imara zaidi, wala mkuki unaofika mbali, wala ruhusa ya kumpita jini. Kwenye simu ugumu unaweza kupandishwa pale pale ambapo duka limefunguliwa, na swichi hazipo tena nyuma ya mlango wa kabati ukumbini. Ziko kwenye kompyuta za mbali, zinaweza kugeuzwa bila mtu yeyote kuona. Mzazi anayeuliza kama gemu ni ngumu au rahisi kwa mtoto wake anauliza swali la pili. La kwanza ni mtoto akishindwa, pesa inakwenda wapi.

Mwezi uliopita nilimwekea mpwa wangu Ghosts 'n Goblins kwenye kompyuta ndogo. Alicheka sana deraya lilipopasuka. Misukule aliizoea haraka kuliko mimi nilivyoizoea, akafika kwa jini jekundu, akalikimbilia, akawa mifupa. Akarudia. Mifupa tena. Safari ya tatu akaacha vitufe, akasogeza uso karibu na skrini, akaanza kukagua kona moja baada ya nyingine.

"Unatafuta nini?"

"Mjomba, hapa roho wanauzia wapi?"